Ziwa la Gombo na Njia ya Misafara

Gari la moshi la reli ya zamani litokapo Kilosa kwenda Dodoma huingia mara katika magenge ya mto Mkondoa. Milima ya Usagara huibana njia kuume na kushoto, na mto hupita kando ya reli, mara upande huu, mara upande ule, maji yake mekundu kwa udongo. Gari hupita Munisagara, hufika Kidete, na baada ya hapo nchi huanza kufunguka na kukauka. Miti mirefu hupungua, mibuyu na miiba huzidi, na msafiri huona kwamba Ugogo u karibu. Katika mpaka ule wa nchi mbili, nchi ya mito na nchi ya ukame, katikati ya Kilosa na Mpwapwa, ndipo lilipo ziwa la Gombo.

Si ziwa kubwa. Ukilipima kwa Tanganyika au Nyasa, ni kama kisima, na katika ramani nyingi za shule halimo kabisa. Walakini zamani za misafara lilijulikana kwa maelfu ya wapagazi ambao hawakujua kusoma ramani, maana kwao lilikuwa jambo la uhai: maji matamu, samaki, nyama, na mahali pa kutua mzigo. Wasomaji wa Kilosa na Mpwapwa watanisamehe nikiwaeleza wengine habari wanazozijua wao kwa macho yao. Nia yangu ni kueleza nini kilitukia kandokando ya ziwa hili, na jinsi habari zake zilivyofungamana na mto Mkondoa, na mbuga za Mkata na Mikumi, na mji wa Kilosa wenyewe.

Kwanza tuyafahamu maji. Mto Kinyasungwe hutoka nchi za juu za Dodoma, nchi ya mvua haba, nao hushuka kuelekea mashariki. Kiangazi huwa mchanga mtupu. Masika huja kwa kishindo. Upenyapo milima huwa ndio Mkondoa. Mkondoa hupita Kilosa, ukaingia katika mbuga iliyo sawasawa kama sakafu, nako hukutana na maji ya mto Mkata yatokayo kusini, upande wa Mikumi. Maji hayo yote huwa mto Wami, ushukao baharini karibu na Saadani. Gombo ni mtoto wa jamaa hii. Masika hutanuka, likafunika majani ya pwani yake. Kiangazi hujikunja, likaacha tope pana lililopasuka-pasuka, lenye nyayo za kila mnyama aliyekuja kunywa. Kwa hiyo mtu aliyeliona mwezi wa Mei na mtu aliyeliona mwezi wa Novemba hubishana juu ya ukubwa wake, na wote wawili husema kweli.

Wazungu wa kwanza walioandika habari zake waliliita Ugombo. Nadhani walisikia hivyo kwa kuwa walizoea majina ya nchi yaanzayo kwa U, kama Usagara, Ugogo na Unyamwezi. Wenyeji wa leo husema Gombo tu. Hili ni dogo, ila laonyesha jinsi jina lipitavyo katika masikio mengi kabla ya kuandikwa, na laweza kumsaidia mwanafunzi alitafutaye katika vitabu vya zamani asilione.

Kabla ya vitabu, ziwa lilikuwa na wenyewe. Wasagara walikaa katika milima iliyo karibu, na Wakaguru kaskazini yao. Uvuvi wa maji ya namna hii haukuhitaji vyombo vikubwa. Mtu huweka mgono penye mkondo mwembamba, au hutupa ndoana penye kivuli cha mafunjo, na masika yakipungua, watu huingia katika vidimbwi vilivyobaki na kuokota kambale kwa mikono na vikapu. Kambale ni samaki wa ajabu kwa nchi kama hii: huweza kuvuta pumzi ya hewa, naye huvumilia katika tope wakati ambapo perege wamekwisha kufa. Penye maji mengi chombo ni mtumbwi wa gogo moja, nao huendeshwa kwa upondo penye kina kifupi na kwa kafi penye kina kirefu. Mvuvi ajuaye kazi yake hufuata ukingo wa maji mafupi, na kila mara hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ili kiboko aliye chini asikie na kuondoka. Hiyo si desturi ya kuchezea. Kiboko haelei kama watu wadhanivyo. Hutembea juu ya tope la chini, kisha huibuka ghafula kuvuta pumzi, na dume mmoja hupita kilo 1,500. Mtumbwi ukiwa juu yake aibukapo, hapana mtumbwi tena.

Sasa misafara. Tangu katikati ya karne ya kumi na tisa njia kubwa ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika nchi hizi. Pembe zilishuka, nguo na shanga na waya zilipanda, nao watumwa walishushwa wakiwa katika minyororo. Wachukuzi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliohesabu safari ya pwani kuwa jambo la kiume. Njia ilikuwa na taabu mbili zilizojulikana kwa kila mpagazi. Ya kwanza ilikuwa mbuga ya Mkata, ambayo masika huwa bahari ya tope. Ya pili ilikuwa Marenga Mkali, nyika iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo, ambako maji hayapatikani, na yakipatikana ni ya chumvi. Gombo lilikuwa katikati ya taabu hizi mbili. Aliyetoka Mkata amechoka na kuugua alipata mahali pa kupumzika. Na aliyekuwa akienda Marenga Mkali alijua kwamba, ukiacha vijito vya Mpwapwa, hayaoni tena maji mengi namna hii kwa siku nyingi. Basi tusishangae kwamba mioto ya wapagazi iliwaka pale miaka mingi.

Mtu aliyeleta jina la ziwa hili Ulaya na Marekani ni Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta Dakta Livingstone. Alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akiwa ameigawa safari yake katika misafara mitano, watu 192 kwa jumla. Wazungu walikuwa watatu tu: yeye, na mabaharia wawili, Shaw Mwingereza na Farquhar Mskoti. Akakosea kwa kuondoka kabla tu ya masika. Au tuseme hakuweza kungoja, maana gazeti lake lilitaka habari.

Mvua zikamkuta. Alipita Simbamwenni, mji wenye boma uliokuwa karibu na Morogoro ya leo, ulioanzishwa na Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake. Kisha akaingia Mkata. Maji yalikuwa nyayoni, mara magotini, mara kwapani, na chini yake tope linalonyonya mguu. Punda walikwama na kuanguka na mizigo yao. Watu wakaishusha mizigo, wakaibeba vichwani, wakarudi kumvuta punda kwa masikio na mkia. Walipotoka upande wa pili na kufika Rehenneko, chini ya milima, karibu kila mtu alikuwa na homa au kuhara damu, na Stanley mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mbwa wake, aliyemwita Omar, alikufa kwa ajili ya maji yale. Wapagazi nao walikufa, ila majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu ule aliopewa mbwa. Nasema hivi bila ya uchungu. Ndivyo kitabu kilivyo, na asomaye kitabu yampasa kuona pia yale yasiyoandikwa.

Baada ya kupumzika walipanda kwa bonde la Mkondoa. Njiani, mahali paitwapo Kiora, walimkuta Farquhar, aliyekuwa ametangulia na msafara mmojawapo. Alikuwa amevimba miguu na mwili wote, hawezi kwenda kwa miguu, na bidhaa alizokabidhiwa alikuwa amezitumia ovyo kwa chakula chake. Wakamchukua juu ya punda. Hivyo, mwezi wa Mei, wakafika ziwani, wenye hasira na njaa na homa.

Stanley alilipenda ziwa. Urefu wake aliukadiria kuwa maili tatu hivi. Aliona viboko wengi majini, na ndege wa kila namna: mwari, korongo, kwarara, bata, mdiria, na kwazi mwenye kichwa cheupe apigaye kelele akiwa juu ya mti. Nyati na punda milia walikuja kunywa. Mtoni Kingani, karibu na pwani, alikuwa amejaribu bunduki zake juu ya vichwa vya viboko, akaona kwamba risasi ndogo haziwadhuru sana. Hapa alitazama zaidi kuliko kupiga, akajaribu kulizunguka ziwa kwa miguu, lakini matope yalimkatalia. Mtu yeyote aliyepata kutembea kando ya ziwa la mafunjo ajua jambo hili: kwa macho ni mwendo wa saa moja, kwa miguu ni siku nzima, na jioni hujafika.

Ndipo likatukia jambo ambalo kwa ajili yake ziwa hili hutajwa katika vitabu. Asubuhi, wakati wa chakula, Shaw alilalamikia nyama aliyopewa, akamtukana mkubwa wake kwa maneno makali, na Farquhar ameketi hapo. Stanley akampiga, akaanguka. Shaw akataka kuachishwa kazi papo hapo. Stanley akakubali, akaagiza vitu vyake vitolewe nje ya kambi. Baada ya muda mfupi Shaw akarudi akiomba radhi, wakapeana mikono. Usiku ule, Stanley akiwa karibu kulala, bunduki ikalia, na risasi ikapasua hema lake karibu kabisa na mwili wake. Akatoka na bastola mkononi, akauliza walinzi. Wakamwonyesha hema la Shaw. Shaw alikuwa amelala, au alijifanya amelala, na bunduki yake ilikuwa bado na joto. Akasema kwamba aliota mwizi anapita mlangoni pake, akafyatua katika usingizi. Stanley hakumshitaki mbele ya watu. Alimpa maneno machache ya kumwonya, akarudi kulala.

Nimetafakari mara nyingi juu ya walinzi wale. Wao ndio waliosikia mlio, wao ndio waliojua ulitoka wapi, na bila ya shaka kabla ya mapambazuko kambi nzima ilikuwa ikinong'ona. Fikirini hali yao. Wako mbali na kwao, wamekwisha kupoteza wenzi wao Mkata, mbele yao ni nyika isiyo na maji, na sasa waona kwamba Wazungu wanaowaongoza wanataka kuuana. Lau risasi ile ingalishuka kidogo, msafara ungalitawanyika pale ziwani, na Livingstone aliyekuwa bila ya mali wala dawa asingalifikiwa mwaka ule. Walakini hawakutawanyika. Wengine walitoroka njiani, kweli, lakini wengi walichukua mizigo yao asubuhi, wakaenda. Farquhar aliachwa Mpwapwa, akafa baada ya siku chache. Shaw alifika Unyanyembe, akafa huko. Mwisho wa mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone Ujiji.

Jambo jingine la kuchekesha kidogo: Stanley alikuwa amenunua Unguja mashua mbili, akazibandua mbao ili zibebwe vichwani na kuungwa upya penye Ziwa Tanganyika. Lakini yeye na Livingstone walipotaka kwenda kutazama kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka, walikwenda kwa mtumbwi wa kuazima wa Mwarabu wa Ujiji, uliopigwa kafi na watu waliozijua pepo za ziwa lile. Wakakuta kwamba Rusizi waingia.

Katika msafara ule alikuwamo mtu mmoja ambaye kwa kuijua njia hii alimshinda Stanley mbali sana. Huyu ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Unguja. Mwaka 1857 alikwenda bara pamoja na Burton na Speke, wakapita bonde la Mkondoa. Mwaka 1860 alikwenda tena na Speke na Grant. Mwaka 1871 alikuwa mkubwa wa askari wa Stanley. Mwaka 1873 akaenda na Cameron, akavuka naye bara zima hata bahari ya magharibi, walikofika mwaka 1875. Mara nne mtu huyu aliipanda milima ya Usagara akielekea bara. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na baadaye malipo ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885. Stanley amemwandika kwa ukali, hata aligombana naye na kumpiga. Speke na Cameron wakamwandika kwa upole zaidi, ingawa Cameron naye alilalamika mara nyingi. Yeye hakuandika. Laiti angalipatikana mtu mmoja wa kukaa naye barazani Unguja katika miaka yake ya mwisho, akayaandika maneno yake! Tungalikuwa na habari za Gombo kutoka kinywa cha mtu aliyeliona zaidi ya mara moja, maana Cameron naye alipita njia hii, akaliona ziwa. Kabla hajafika huko alimpoteza mwenzake Robert Moffat, kijana wa ukoo wa Livingstone, aliyekufa kwa homa katika kuifuata safari.

Turudi kidogo nyuma, kwa ajili ya maji. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu kisiwani hata wakulima wengi wakafilisika. Bara nako mvua zilikuwa za kutisha. Stanley, akirudi pwani, alikuta bonde la Mkondoa limepigwa na mafuriko, vijiji vimechukuliwa, na boma la Simbamwenni limebomolewa na mto wake. Katika kuvuka mto mmoja uliojaa, mchukuzi aitwaye Rojab aliingia majini mpaka shingoni, na kichwani pake sanduku lenye barua na daftari za Livingstone. Stanley akamwelekezea bastola, akamwambia asiliangushe. Picha ya jambo hilo imechapwa mara nyingi, na watu huitazama bastola. Mimi humtazama Rojab. Tope lile hatuwezi kulivuka kwa woga wa bastola. Twalivuka kwa kujua mahali pa kukanyaga. Sanduku lilifika kavu.

Hivyo mafuriko ya Mkondoa si habari mpya, na jambo hili yafaa likumbukwe mbele.

Mwisho wa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami, akikusanya alama za wakubwa wa nchi katika karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mwezi wa Februari 1885 karatasi zile zikawa sababu ya serikali ya Wadachi kujitwalia nchi. Reli ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na magenge ya Mkondoa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajenzi wake walifuata njia ya mto kwa sababu ile ile iliyowafanya wapagazi waifuate: hapana mlango mwingine mwepesi katika milima ile. Lakini mpagazi akikuta mto umejaa hungoja, au hupanda mlimani. Reli haiwezi kungoja wala kupanda. Tangu siku ile mto na reli ni majirani wasiopatana. Mwezi wa Agosti 1916, katika vita, majeshi ya Waingereza na wenzao yalishuka kwa njia hiyo hiyo kutoka Mpwapwa, yakapigana na Wadachi Kidete, yakaingia Kilosa.

Reli ilipofika, misafara ikafa. Katika muda wa miaka michache ziwa lililokuwa penye njia kuu likawa pembeni. Abiria hupita karibu bila kujua kwamba liko.

Kwa wanyama hali ilikuwa namna nyingine. Mashamba ya mkonge na pamba yalienea Kilosa na Kimamba, watu wakaongezeka, na nyati na twiga wakarudi kusini, katika mbuga ya Mkata upande wa Mikumi. Jina Mikumi latokana na ile mivumo mirefu iotayo huko, ambayo kwa lugha ya nchi ndiyo mikumi. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa ilipokatwa katika miaka ya hamsini, wawindaji walipata mlango mwepesi, wakaua sana. Hii ni mojawapo ya sababu zilizofanya mbuga ile iwekwe chini ya ulinzi, nayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Leo anayetaka kuona viboko hupelekwa penye bwawa lao karibu na lango la hifadhi, akatazama kutoka katika gari, akarudi kunywa chai. Ni jambo jema, na watoto wa shule wakipata nafasi waende. Hata hivyo bwawa lile na Gombo ni vitu viwili. Huko mnyama amelindwa na sheria na mtu ni mgeni. Gombo halikuwa hivyo hata siku moja. Mvuvi, mchungaji, mkulima na kiboko walikutana penye ukingo ule ule, na kila mmoja alikuwa na saa yake. Kiboko hutoka usiku kula majani, hurudi kabla ya jua. Ng'ombe hunyweshwa mchana. Ajali hutokea pale ambapo mmoja ameingia katika saa ya mwenziwe, kama mwanamke aendaye kuteka maji alfajiri na kumkuta kiboko akirudi; akisimama kati ya mnyama na maji yake, amesimama mahali pabaya kuliko mbele ya simba.

Lakini zipo ajali zinazozidi hizo. Kilosa ni nchi ya wakulima na pia ya wachungaji, hasa Waparakuyo, walioitwa zamani Wakwavi, na Wamasai. Maji na majani vikipungua, kila upande huhesabu kwamba bonde ni lake. Mwezi wa Desemba 2000, Rudewa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa namna hiyo, wengi wao wakulima. Mtu aandikaye juu ya uzuri wa maziwa na mito ya nchi hii akaruka jambo hilo atakuwa amewaandikia wageni, si wenyeji.

Kisha ikaja masika iliyokuja kabla ya wakati wake. Siku za Krismasi mwaka 2009, na tena Januari 2010, mvua zilizoshuka nchi za juu zilileta Mkondoa kwa nguvu zisizoonekana kwa miaka mingi. Bwawa la Kidete, ambalo kazi yake ilikuwa kuyatuliza maji kabla hayajaingia magenge, lilikuwa limebomoka. Maji yalivunja kingo, yakaingia mjini Kilosa usiku, yakabomoa nyumba, yakazoa reli na kuiacha ikining'inia hewani kama ngazi. Watu zaidi ya 20,000 walikosa makao, wakakaa katika mahema, na safari za reli zikakoma kwa miezi.

Watu wengine walisema kwamba ni laana, wengine kwamba ni tabia mpya ya mvua. Mimi nadhani yafaa kutazama pia udongo. Milima ikilimwa mpaka kileleni na miti ikikatwa kwa makaa, mvua haizami ardhini. Hushuka mara moja, nayo huchukua udongo. Udongo ule hutua penye maji yaliyotulia, ndiyo kusema katika maziwa na mabwawa. Ziwa la namna ya Gombo ni kama beseni lililowekwa njiani: maji hutua humo, taka huzama, na yaendayo mbele huenda polepole. Beseni likijaa mchanga, maji hupita juu yake bila kutua, na anayeyapokea ni mtu wa Kilosa. Kwa hiyo mvuvi anayelalamika kwamba kina kimepungua na mpangaji wa chumba karibu na stesheni ya Kilosa wana shauri moja, ingawa hawajuani. Wataalamu wa maji hushauri kwamba bwawa likijengwa upya bila ya kuitunza milima iliyo juu yake, litajaa kama lile lililotangulia. Nami sioni la kuwapinga.

Tarehe 1 Agosti 2024 reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hata Dodoma ilifunguliwa rasmi. Wajenzi wake hawakutaka kuwa jirani wa mto kama Wadachi walivyotaka. Katika milima ya Kilosa walitoboa mahandaki, wakaiweka njia juu zaidi. Safari ambayo Stanley aliikata kwa wiki kadhaa, akapoteza punda wake wengi na afya yake, abiria huimaliza kabla chakula chake hakijapoa sana. Ina kituo Kilosa, ina kituo Kidete, ina kituo Gulwe. Mtu atakaye kuliona ziwa atashuka katika nchi hiyo ya mpakani, atafute mwenyeji wa kumwongoza, aende jua likiwa juu, na akipewa mtumbwi akae katikati, asisimame, na kafi amwachie mwenye mtumbwi. Mwezi wa Mei au Juni ni bora, maana maji bado ni mengi na njia zimekauka, na ndege hawajaondoka.